Antoine Lavoisier: Mtoza Ushuru Aliyeipa Kemia Lugha

Neno oksijeni limekwisha kuzoeleka katika Kiswahili kiasi kwamba msikilizaji wa taarifa ya habari hashangai tena linapotajwa pamoja na mitungi ya hospitalini. Ni wachache, hata hivyo, wanaokumbuka kwamba neno hilo lina baba, na kwamba baba huyo alikatwa kichwa hadharani mjini Paris tarehe 8 Mei 1794. Hakuuawa kwa ajili ya sayansi yake. Aliuawa kwa sababu ya kazi nyingine, ile iliyompa ukwasi wa kuigharimia sayansi hiyo. Maisha ya Antoine Laurent Lavoisier yalifungamana na mageuzi mawili makubwa yaliyotukia kwa wakati mmoja: mapinduzi ya kemia, ambayo yeye aliyaongoza, na Mapinduzi ya Ufaransa, ambayo yalimmeza.

Alizaliwa Paris tarehe 26 Agosti 1743, mwana wa wakili mwenye nafasi. Mamaye alifariki Antoine akiwa na umri wa miaka mitano tu, akalelewa kwa nyanya yake mzaa mama, huku mama yake mdogo, ambaye hakuolewa maishani, akimtunza kama mwanawe wa kumzaa. Alisomea Collège Mazarin, shule iliyosifika kwa mafunzo ya hisabati na sayansi, kisha akafuata nyayo za babake na kuhitimu katika sheria mwaka 1764. Uwakili hakuufanya. Badala yake aliandamana na mwanajiolojia Jean-Étienne Guettard katika safari za kuchunguza miamba na madini ya Ufaransa, na mwaka 1766 mfalme akamtunukia nishani ya dhahabu kwa insha yake juu ya namna bora ya kuziangaza barabara za Paris usiku. Miaka miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 24, alichaguliwa kuingia katika Akademia ya Kifalme ya Sayansi. Kijana huyo hakuwa na shaka yoyote kuhusu kipawa chake, na baadhi ya wenzake walimwona mwenye makuu.

Mwaka huo huo wa 1768 alifanya uamuzi ambao haukuonekana kuwa na uzito mkubwa wakati huo. Akitumia urithi wake, alinunua sehemu ya hisa katika kampuni ya watoza ushuru iliyoitwa Ferme générale. Yafaa kueleza kampuni hii ilikuwa nini, maana pasipo kuielewa, mauti ya Lavoisier hayawezi kueleweka. Ufalme wa Ufaransa haukujitozea wenyewe kodi zake zote. Uliiuzia kampuni ya matajiri haki ya kutoza kodi ya chumvi, ya tumbaku na ya bidhaa zilizoingia mijini. Kampuni ilimlipa mfalme kiasi kilichoafikiwa, na chochote kilichozidi kikawa faida ya wanahisa. Mkoa mmoja ulilipa kodi ndogo ya chumvi ilhali mkoa jirani ulitozwa mara nyingi zaidi, na aliyethubutu kuvusha chumvi kwa magendo kutoka kwa jirani huyo aliweza kuishia kwenye merikebu za wafungwa. Maaskari wa kampuni waliingia majumbani kupekua. Mwananchi wa kawaida aliwachukia watoza ushuru hawa kuliko alivyomchukia mfalme mwenyewe, na chuki hiyo haikuwa ya bure.

Katika kampuni hiyo ndimo alimopata mke. Jacques Paulze, mmoja wa wakuu wake, alikuwa na binti aliyeitwa Marie-Anne Pierrette, ambaye jamaa zake walikuwa wakishinikiza aozwe kwa mzee wa jamii ya makabaila. Paulze aliona heri kumwoza kwa mwenzake kijana. Harusi ilifanyika Desemba 1771. Bwana harusi alikuwa na umri wa miaka 28, bibi harusi 13. Kwa vipimo vya leo hiyo ni ndoa ya mtoto, na hapana haja ya kuipamba. Hata hivyo, Marie-Anne hakukaa kuwa pambo la nyumba. Alijifunza kemia, akajifunza Kiingereza, lugha ambayo mumewe hakuimudu, na akamtafsiria vitabu na makala kutoka Uingereza. Alijifunza kuchora kwa mchoraji mashuhuri Jacques-Louis David. Ndiye aliyeandika matokeo ya majaribio katika daftari za maabara, na ndiye aliyechora vielelezo vyote 13 vya kitabu kikuu cha mumewe. Lau historia ya sayansi ingeandikwa kwa haki, jina lake lingetajwa mapema zaidi kuliko linavyotajwa aghalabu.

Ratiba ya Lavoisier yenyewe inastaajabisha. Alifanya sayansi kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, akaenda kwenye shughuli za kodi na za serikali mchana kutwa, kisha akarudi maabarani saa moja jioni hadi saa nne usiku. Siku moja ya juma aliitenga kwa ajili ya majaribio peke yake, na siku hiyo vijana wenye hamu ya elimu walikaribishwa.

Silaha yake kuu ilikuwa mizani. Wanakemia wengi wa zama zile walizingatia rangi, harufu na ladha ya vitu. Lavoisier aliushughulikia uzani kama mhasibu anavyoshughulikia hesabu: kilichoingia sharti kilingane na kilichotoka. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba maji yakichemshwa sana hugeuka kuwa udongo, kwa kuwa mashapo huonekana chini ya chombo. Yeye aliyachemsha maji katika chombo cha kioo kilichofungwa kwa siku 101 mfululizo. Alipopima, aligundua kwamba uzani uliopungua katika kioo ndio ulioonekana kama udongo. Maji hayakuwa yamebadilika. Chombo ndicho kilicholika.

Swali lililomshughulisha zaidi lilikuwa la moto. Wataalamu wa karne hiyo waliamini kwamba kila kinachowaka kina kitu ndani yake kiitwacho filojistoni, ambacho hutoka kinapoungua. Ikiwa ni hivyo, kitu kilichoungua kingepungua uzani. Mwaka 1772 Lavoisier alibaini kwamba salfa na fosforasi zinapoungua huongezeka uzani. Aliandika ugunduzi huo katika karatasi, akaitia lakiri, akaikabidhi Akademia tarehe 1 Novemba ili asije akapokonywa sifa. Wepesi huo wa kulinda sifa yake ungefaa kukumbukwa katika yaliyofuata.

Oktoba 1774 mhubiri na mwanasayansi wa Kiingereza, Joseph Priestley, alizuru Paris na kualikwa kwa Lavoisier kwenye chakula. Mezani alisimulia kwamba miezi miwili hivi kabla alikuwa amepasha joto unga mwekundu wa zebaki na kupata hewa ambamo mshumaa uliwaka kwa nguvu za ajabu. Wakati huo huo Carl Wilhelm Scheele wa Sweden, aliyekuwa ameipata hewa hiyo hiyo kabla ya Priestley, alikuwa amemwandikia Lavoisier barua kuhusu majaribio yake. Lavoisier alirudi maabarani, akayarudia majaribio, akayapanua, na alipoitangaza hewa hiyo katika Akademia mwaka 1775 hakuwataja wageni wake. Ni vigumu kumtetea katika hili, na wanaojaribu kumtetea huishia kusema kwamba Priestley hakujua alichokuwa nacho mkononi. Hilo ni kweli, lakini haliiondoi dosari.

Priestley, kwa hakika, aliiita hewa isiyo na filojistoni, akabaki katika nadharia kongwe. Lavoisier ndiye aliyefahamu kwamba filojistoni haipo kabisa. Katika jaribio lake lililopata umaarufu kuliko yote, alipasha zebaki joto kwa siku 12 ndani ya hewa iliyofungiwa. Sehemu ya hewa ilitoweka, na juu ya zebaki ukatokea unga mwekundu. Mshumaa ulioingizwa katika hewa iliyosalia ulizimika. Kisha akauchukua unga ule, akaupasha joto zaidi, na hewa iliyotoweka ikarudi kwa takriban kiasi kile kile. Kuungua, basi, si kutoka kwa kitu bali ni kuungana na kitu kilichomo hewani. Kutu ya chuma na pumzi ya mnyama vikaingia katika kanuni hiyo moja. Akishirikiana na mwanahisabati Pierre-Simon Laplace, alimweka panya-buku wa Guinea ndani ya chombo chenye barafu, akapima barafu iliyoyeyuka na hewa iliyotolewa, akahitimisha kwamba kupumua ni kuungua polepole. Mwaka 1783 alieleza kwamba maji si elementi bali ni muungano wa hewa mbili, akitegemea kwa mara nyingine kazi ya Mwingereza, Henry Cavendish.

Kando ya hayo alikuwa mtumishi wa serikali. Tangu 1775 alisimamia utengenezaji wa baruti, akahamia jengo la Arsenal na kuijenga humo mojawapo ya maabara bora kabisa barani Ulaya. Uzalishaji wa shura uliongezeka, na baruti ya Ufaransa ikavuka Bahari ya Atlantiki kuwasaidia Wamarekani waliokuwa wakipigania uhuru dhidi ya Uingereza. Kazi hiyo haikukosa hatari: mwaka 1788 mlipuko katika kiwanda cha Essonnes uliwaua watu wawili, na Lavoisier na mkewe, waliokuwapo, wakanusurika kwa bahati. Mmoja wa vijana aliowafunza kazi ya baruti, Éleuthère Irénée du Pont, alihamia Marekani baadaye na kuanzisha huko kiwanda mwaka 1802. Kampuni ya DuPont ilichipuka kutokana na kiwanda hicho.

Kwa mwanafunzi wa lugha, hata hivyo, kazi ya Lavoisier inayovutia zaidi ni ya mwaka 1787. Kemia ya wakati ule ilikuwa na msamiati wa vurugu, uliorithiwa kutoka kwa waganga, wachimba madini na watafuta dhahabu wa kale. Palikuwa na mafuta ya vitrioli ambayo hayakuwa mafuta, siagi ya antimoni ambayo aliyeila angekufa, maua ya zinki, ini la salfa, na sukari ya risasi, iliyokuwa tamu kweli na yenye sumu kweli. Kitu kimoja kiliweza kuwa na majina manne au matano, na jina lenyewe halikueleza lolote kuhusu maumbile ya kitu hicho. Guyton de Morveau, aliyekuwa hakimu na mwanakemia wa Dijon, ndiye aliyelianza suala hili. Lavoisier, Claude Berthollet na Antoine Fourcroy wakajiunga naye, na wanne hao wakachapisha utaratibu mpya wa majina.

Kanuni yao ilikuwa nyepesi. Elementi ipewe jina moja fupi. Kitu kilichoundwa kwa elementi mbili kiitwe kwa majina ya wazazi wake wote wawili. Tofauti za kiasi zionyeshwe kwa viambishi tamati: chumvi ya salfa yenye oksijeni nyingi zaidi ikawa salfeti, na yenye oksijeni pungufu ikawa salfaiti. Kwa istilahi za isimu, walihamishia maarifa katika mofolojia. Mwanafunzi hakuhitaji tena kukariri orodha ya majina yasiyo na uhusiano. Aliyeyajua mashina na viambishi aliweza kuunda jina la kitu asichowahi kukiona. Lavoisier aliamini kwamba sayansi haiwezi kuboreshwa bila kuboreshwa lugha yake, imani aliyoipata kwa kumsoma mwanafalsafa Condillac. Wapinzani walilalamika kwamba maneno mapya yalikuwa magumu na mabaya masikioni, lalamiko ambalo yeyote aliyewahi kuunda istilahi za Kiswahili analifahamu vyema.

Utaratibu huo haukukosa kasoro, na kasoro kubwa kuliko zote imo katika neno oksijeni lenyewe. Lavoisier alilibuni kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kizalisha-asidi, kwa kuwa aliamini kila asidi ina oksijeni ndani yake. Alikosea. Mwaka 1810 Humphry Davy alithibitisha kwamba asidi itokanayo na chumvi ya kawaida haina oksijeni hata chembe. Lakini jina lilikuwa limekwisha kuota mizizi. Wajerumani walilitafsiri, na hadi leo lugha yao huiita gesi hiyo kitu cha ukali, kosa likiwa wazi machoni pa kila mtoto wa shule. Kiswahili kililikopa kwa sauti, kama inavyoonekana katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, na hivyo kosa likasafiri bila kuonekana. Ni mfano mzuri katika mjadala wa kama istilahi itafsiriwe au itoholewe, ingawa hauelekei kuumaliza mjadala huo.

Kitabu chake kikuu cha misingi ya kemia kilitoka mwaka 1789, kikiwa na orodha ya elementi 33. Miezi michache baadaye, tarehe 14 Julai, wananchi wa Paris waliiteka gereza la Bastille.

Lavoisier hakuwa adui wa mabadiliko. Alikuwa ameona njaa ya wakulima karibu na shamba lake la Fréchines, na mwaka 1788 aliukopesha mji wa Blois fedha za kununulia nafaka bila riba. Alitumai kuona ufalme wenye katiba, kodi ya haki na hesabu zilizo wazi. Tatizo ni kwamba jina lake lilikuwa limeandikwa mahali pabaya. Ili kuzuia magendo, kampuni ya ushuru ilikuwa imejenga ukuta kuuzunguka mji wote wa Paris katika miaka ya 1780, na wazo hilo lilikuwa lake. Watu wa Paris walidai kwamba ukuta uliwazuilia hata hewa safi, dhihaka chungu kwa bingwa wa hewa. Malango yake yalikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuchomwa moto Julai 1789. Agosti mwaka huo huo, baruti ilipoonekana ikipakiwa mashuani, umati ulidhani inapelekewa maadui, na Lavoisier akaponea chupuchupu.

Adui wake mwenye ulimi mkali kuliko wote alikuwa Jean-Paul Marat. Takriban mwaka 1780 daktari huyo alikuwa ametaka Akademia iukubali utafiti wake kuhusu moto, na Lavoisier akaukataa pasipo kumstahi. Marat hakusahau. Mwaka 1791, akiwa sasa mhariri wa gazeti lililosomwa na wanamapinduzi wa mitaani, alimshambulia Lavoisier kwa jina: mtoza ushuru, tapeli, mjenzi wa ukuta. Marat aliuawa Julai 1793, lakini mbegu aliyoipanda ilikuwa imeshaota.

Katika miaka hiyo ya hatari Lavoisier aliendelea kulitumikia taifa. Ufaransa ilikuwa na vipimo vingi visivyohesabika. Ratili ya mji mmoja haikulingana na ya mji wa pili, na mnyonge ndiye aliyepunjwa sokoni. Tume ya wanasayansi iliteuliwa kuunda vipimo vitakavyotokana na maumbile ya dunia, na Lavoisier akawa mweka hazina wake. Yeye na René-Just Haüy walipima kwa makini uzani wa ujazo maalumu wa maji, kazi ambayo ndiyo iliyozaa kilo. Agosti 1793 serikali ya mapinduzi iliivunja Akademia. Desemba, akiwa tayari gerezani, aliondolewa katika tume. Sheria ya vipimo vya meta ilipitishwa Aprili 1795, naye hayupo. Kilo ya sukari ipimwayo katika duka la Nakuru au la Lamu ina jasho lake ndani.

Amri ya kuwakamata watoza ushuru wote wa zamani ilitolewa tarehe 24 Novemba 1793. Lavoisier alijificha siku chache, kisha akajisalimisha pamoja na mkwewe Paulze. Walizuiliwa kwa miezi mitano, baadaye katika jengo lile lile lililokuwa makao ya kampuni yao, ili waandae hesabu zao. Lavoisier, aliyeishi kwa kuamini mizani, alielekea kuamini kwamba hesabu zingemwokoa. Mashtaka yalikuwa mengi, likiwemo la kuilowesha tumbaku kupita kiasi ili iongezeke uzani. Shtaka la ajabu kwa mtu wa namna yake, ingawa uloweshaji wenyewe ulikuwa umefanyika kwa miaka mingi. Hatimaye makosa ya kibiashara yaligeuzwa kuwa njama dhidi ya wananchi, na adhabu ya njama ilikuwa moja.

Kesi ilisikizwa asubuhi ya tarehe 8 Mei 1794, na adhuhuri hiyo hiyo watu 28 wakapelekwa kwenye gilotini. Mchuma janga hula na wa kwao: Paulze aliuawa wa tatu, Lavoisier wa nne. Alikuwa na umri wa miaka 50. Imesimuliwa mara nyingi kwamba hakimu alitamka kuwa jamhuri haina haja na wataalamu. Hakuna ushahidi kwamba alisema hivyo. Kisa kingine, kwamba Lavoisier aliahidi kupepesa macho baada ya kukatwa kichwa ili wasaidizi wake wahesabu, nacho ni cha kutungwa. Lililo thabiti ni kwamba wenzake kadhaa waliotunga naye lugha ya kemia walikuwa na nafasi serikalini, Guyton na Fourcroy wakiwa wabunge, na hawakuweza, au hawakuthubutu, kumwokoa. Miezi isiyotimia mitatu baadaye Robespierre mwenyewe alianguka, na mauaji yakapungua. Katika wiki zile zile alizouawa Lavoisier, Priestley alikuwa baharini akielekea Marekani. Yeye alikuwa ameyaunga mkono Mapinduzi ya Ufaransa, na kwa kosa hilo umati wenye kumpenda mfalme ulikuwa umeichoma nyumba na maabara yake mjini Birmingham mwaka 1791. Aliitetea filojistoni hadi kufa kwake mwaka 1804.

Marie-Anne alimpoteza mume na baba katika alasiri moja, akanyang'anywa mali, akafungwa kwa muda. Alipoachiliwa alidai vitabu na vifaa vya maabara hadi akarudishiwa, akahariri maandishi ya mwisho ya mumewe na kuyagawa kwa wataalamu. Mwaka 1805 aliolewa na mwanasayansi mwingine, Count Rumford, lakini ndoa hiyo ilivunjika upesi. Hakukubali kuliacha jina la Lavoisier. Alifariki mwaka 1836.

Mwili wa Lavoisier ulitupwa katika kaburi la pamoja pale Errancis, na hauna alama. Jina lake liliandikwa kwenye mnara wa Eiffel pamoja na mengine 71, na mwaka 1900 akasimamishiwa sanamu ya shaba mjini Paris. Baadaye iligunduliwa kwamba mchongaji alikuwa ameipa sanamu hiyo sura ya Condorcet, mwanafalsafa aliyekutwa amekufa katika seli ya wanamapinduzi Machi 1794. Haikurekebishwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Ufaransa ilipokuwa imekaliwa na Wajerumani, sanamu iliyeyushwa kwa ajili ya madini yake.